Kampuni Yangu Yamwajiri Mama Mkwe

Kichwa kilichoinuka kutoka kwenye mchai kilikuwa cha mama mkwe wangu.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari dukani kabla hujalisoma, nitakueleza kwa ufupi, maana aibu yangu haihitaji maelezo marefu. Mimi ni Mathew. Nilikuwa karani wa kampuni fulani ya majani chai hadi walipopunguza wafanyakazi mwaka huu wa tisini na sita, wakaanza na mimi. Badala ya kununua ng'ombe kama watu wenye akili zao, nililipia semina ya mafanikio pale Kericho mjini. Mwalimu alikuwa Bwana Kimotho, mtu wa suti nyeupe ambaye hutembea na saa mbili, moja mkononi na nyingine mfukoni, eti ya mfukoni inaichunga ya mkononi isidanganye. Nilitoka huko na kanuni kumi na mbili na firimbi.

Firimbi ndiyo iliyoniponza. Niliipeleka nyumbani. Firimbi ya kwanza ilikuwa ya kuamka, ya pili ya kukamua, ya tatu ya uji. Mke wangu Tecla alivumilia, akacheka, akanuna, akavumilia tena. Halafu siku moja nilimpulizia akimnyonyesha mtoto wetu Fancy, kwa sababu kwa hesabu yangu muda wa kunyonyesha ulikuwa umekwisha. Mtoto alishtuka, akalia hadi sauti ikamkauka. Jioni nilikuta nyumba tupu. Tecla alikuwa amerudi kwao Sigor.

Nilituma ujumbe kwa wakwe kuomba mke wangu arudi. Jibu lilikuja fupi: "Tutakuja kuona." Nikasubiri wazee waje na fimbo zao, nikanunua soda, nikafagia uwanja. Hakuja mtu.

Wakati huo nilikuwa nimefungua kampuni, Mapema Leaf Services, ya kuwachumia chai wakulima wa Kaplong wasio na watu. Wiki jana niliwaacha pale ambapo nilikuwa nikipita shambani nikikagua vikapu, nikakuta kimoja kimejaa uchafu mtupu. Nikamfokea mwenye kikapu: "Wewe mchumaji mpya, inua kichwa nikuone!"

Basi akainua.

Kwa msomaji ambaye si wa huku kwetu, ngoja nieleze nilikuwa nimekanyaga nini. Sisi hatucheki na mama mkwe. Humtazami machoni. Humpi mkono. Huli mbele yake. Jina lake hulitamki, na mimi silitaji hata hapa gazetini, ingawa mhariri ameniomba mara mbili. Siku hizi tumeokoka, tunaenda kanisani, tunavaa suruali za mtumba, lakini hilo hatujalilegeza. Na mimi nilikuwa nimemwajiri wangu, nikamfokea mbele ya watu, akiwa amejifunga gunia kiunoni na kuvaa gamboti za mtoto wake wa kiume.

Nilirudi nyuma hadi nikakanyaga kikapu cha Atuti.

"Haiya! Bosi, hayo ni majani ama ni mkeka?" Atuti akalalamika. Huyu ndiye mchumaji wangu mwenye mdomo kuliko wote.

Nilimvuta kando nyapara wangu, Onyancha.

"Huyu mama umemtoa wapi?"

"Alikuja asubuhi akaomba kazi. Nikampa. Si ulisema tunataka mikono?"

"Hukumuuliza jina?"

"Nilimuuliza, na nimeandika. Nikusomee?"

"Usisome!" nilipiga kelele hadi ndege wakaruka.

Kosa ni langu. Kanuni ya Tano ya Bwana Kimotho inasema kwamba mkubwa asijisumbue na mambo madogo, na mimi kuajiri watu niliona ni jambo dogo. Mkubwa nilikuwa nimeketi kibandani nikichora mstari mwekundu unaopanda juu kuonyesha vile nitakavyokuwa tajiri.

Mama mkwe alikuwa ameinama tena, anaendelea kuchuma. Na alikuwa anachuma vibaya, jamani. Alikuwa anang'oa. Majani makuukuu, vijiti, hata kiota cha buibui kilikuwemo. Karani wa pale kituo cha kuuzia majani akiona kikapu kile, angerudisha mzigo wetu wote, na mwenye shamba angetufukuza kabla ya chakula cha mchana.

Ilibidi aambiwe. Lakini ningemwambiaje?

Kumsemesha yeye mwenyewe ni mwiko, basi nilikigeukia kikapu chake.

"Wewe kikapu," nikasema kwa adabu, "ungekuwa na masikio ungesikia kwamba hapa tunachuma majani mawili na chipukizi. Haya yaliyomo ndani yako ni kuni."

Mama mkwe akautazama mchai uliokuwa mbele yake.

"Wewe mchai," akasema, "mwambie huyo anayeongea na vikapu kwamba sisi watu wa Sigor tunavuna mahindi. Mahindi hayana chipukizi."

Atuti akacheka hadi akaketi chini.

"Kikapu," nikasema, jasho linanitoka, "pengine mgeni amechoka. Pengine angekaa kivulini akaletewa chai."

"Mchai, mwambie mgeni amekuja kufanya kazi. Ameambiwa hapa kuna mtu anayejua kazi kuliko dunia nzima, akasema ngoja aende ajionee."

Hapo nikaelewa. "Tutakuja kuona," walisema. Mimi nilisubiri wazee watatu na fimbo. Wao walimtuma mmoja na gunia.

Basi kilichokuwa kinapimwa asubuhi ile hakikuwa chai. Nilikuwa napimwa mimi, na neno la huyo mama ndilo lingeamua kama Tecla na Fancy watalala tena kwangu. Ningejua, ningevaa hata tai.

Onyancha alikuja mbio. "Bosi, huyu mama nimfute kazi? Hajui kazi hata kidogo. Kanuni ya Saba: asiyefaa asubuhi asifike adhuhuri."

"Onyancha, nyamaza."

"Si wewe ulitufundisha tuiimbe?"

Na kweli niliwafundisha. Tulikuwa tunaiimba kila siku kabla ya kazi, kwa sauti mbili.

"Mchai," mama mkwe akaendelea, mikono yake ikiwa bado inang'oa, "hebu muulize. Ni kweli binti ya watu alipuliziwa firimbi akinyonyesha?"

Wachumaji wote wakaacha kazi. Hata wale wa mstari wa mwisho wakasogea, wakijifanya wanatafuta fito zao za kupimia usawa wa michai. Nimehudhuria mikutano mingi ya kampuni, lakini sijaona watu makini kama hao.

"Kikapu..." nikaanza.

Hapo gari la Bwana Kimotho, Datsun, likapiga honi.

Nilikuwa nimesahau! Bwana Kimotho alikuwa ameahidi kuja siku hiyo kuonyesha kampuni yangu kama mfano. Aliteremka na suti yake nyeupe kwenye matope ya Kaplong. Wakulima watatu wa jirani walikuwa wakimngoja langoni, watu wazima wenye mashamba makubwa, ambao wangenipa kazi ya mwaka mzima wakipendezwa. Mmoja, mzee wa kofia ya manyoya, alikuwa na chai inayofika hadi mtoni.

"Wazee wangu," Kimotho akasema, akinipiga begani, "huyu kijana mlimwona juzi akizurura sokoni. Leo ni mkurugenzi. Mathew, waonyeshe Kanuni ya Kwanza!"

Msomaji, unajua Kanuni ya Kwanza inasema nini? Inasema kila asubuhi kiongozi amtazame kila mfanyakazi machoni, amwite kwa jina, ampe mkono.

Yaani mtu alikaa Kericho, akanywa chai yake, akayachagua mambo matatu ambayo sitakiwi kumfanyia mama mkwe, akayaunganisha, akaniuzia.

Wachumaji wakapangwa mstari. Nikaanza upande wa mbali, polepole.

"Atuti! Habari ya asubuhi? Wewe ni nguzo ya kampuni yetu."

"Nguzo haina gamboti, bosi. Uliahidi tangu mwezi jana."

Wakulima wakacheka. Nikasonga. Mkono, jina, macho. Mkono, jina, macho. Sijawahi kusalimia watu kwa upendo kama siku ile. Niliwauliza habari za watoto, za ng'ombe, za wajomba. Lakini mstari wa watu hauna ukarimu, una mwisho, na mwisho wake alikuwa amesimama na gunia lake, macho chini, ananisubiri aone nitafanya nini.

Nikageuka. "Tumemaliza! Karibuni kibandani."

"Bado mmoja," Kimotho akasema.

"Huyo... tulisalimiana mapema."

"Wazee hawakuona. Mpe mkono."

Nilimsogelea nikamnong'oneza. "Bwana Kimotho, huyu ni mama ya mke wangu. Haiwezekani."

Alicheka, na hakunong'ona. "Mila ni mwizi wa muda, Mathew! Nilikufundisha nini?"

"Na wewe, wa kwako unamshika mkono?"

"Wangu yuko Nyahururu," akasema, akaitoa saa ya mfukoni akaiangalia kwa bidii.

Kisha, kwa vile nilikuwa nimeganda, akaamua kuniokoa. Mungu akuepushe na mtu anayekuokoa ili aonekane. Alienda kwa mama mkwe wangu, akaushika mkono wake yeye mwenyewe, akautikisa, akachungulia kikapu.

"Mama, pole sana. Hii si chai. Hii kampuni ni ya watu wa tija. Kanuni ya Saba inasema uende nyumbani, tena sasa hivi."

Mama mkwe aliutoa mkono wake taratibu, akaupangusa kwenye gunia.

"Ninafukuzwa na nani?" akamuuliza.

"Na Mathew. Kanuni ni zake. Mimi nilimuuzia tu."

Watu wote wakanigeukia. Nikimtetea, kanuni zangu zimekufa mbele ya wateja, na kampuni nayo. Nikinyamaza, nimemfukuza mama aliyenizalia mke.

Nataka kuwaambia kwamba sikusita. Nilisita. Niliwatazama kwanza wale wakulima, nikaitazama kofia ya manyoya, nikaifikiria chai inayofika hadi mtoni. Na mama mkwe akaniona nikitazama.

Ndipo nikasema, "Kikapu, hakuna mtu aliyefukuzwa hapa. Kanuni ya Saba imefutwa. Na ya Kwanza. Zote zimefutwa."

Nilidhani wazee watanipigia makofi. Wao ni wa huku, wanajua heshima ya wakwe. Mzee wa kofia alinisogelea.

"Kumbe ni mkwe wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Umemvalisha gunia mama ya mke wako, akubebee kikapu kwenye matope, watu wakiangalia?"

"Mzee, sikujua..."

"Hukujua ni nani anakufanyia kazi? Na unataka nikupe chai yangu uiangalie?" Akawageukia wenzake. "Twendeni. Huyu hata ukimpa mbuzi atamwajiri."

Wakaondoka kwa miguu. Kimotho naye akakunja uso, akasema nimemwaibisha mbele ya wateja aliowatafuta kwa mafuta yake, na kwamba cheti changu cha semina nikihesabu kimefutwa. Akapanda Datsun yake akaizungusha kwenye matope, akatoweka kwenye barabara ndefu ya murram inayozunguka kilima.

Kwa hiyo nilipoteza upande wa kanuni na upande wa mila, asubuhi moja, kwa kazi moja. Kama kuna semina ya kufundisha hilo, nitafute mimi niifundishe.

"Bosi," Onyancha akauliza kwa sauti ndogo, "tuimbe ama tuende?"

Mama mkwe alikuwa anafungua gunia kiunoni. Alilikunja vizuri, akalitandika juu ya mchai, akauambia ule mchai, "Binti yangu yuko pale chini kwenye lami, na mtoto mgongoni. Alikuwa anataka kurudi kwake. Mimi ndiye nilimwambia angoje kwanza nione. Nilimwambia hivi: jua likifika utosini kabla hujaniona, ujue nimekataa, upande gari urudi Sigor."

Nilitazama juu. Jua lilikuwa karibu kufika utosini.

Akaanza kushuka kilima. Nikakinyakua kile kikapu chake nikamfuata, mkurugenzi mzima na kikapu cha kuni mgongoni, kwa sababu bila kikapu ningeongea na nani?

Njia ya kushukia pale ni nyembamba, mguu mmoja mbele ya mwingine, michai imebanana kulia na kushoto hadi kiunoni. Na mama mkwe humpiti njiani. Kumpita ni kumsukuma, na kumsukuma ni kosa la kutozwa faini ya kondoo. Basi mimi, mtu wa haraka, mtu wa Mapema Leaf Services, nilishuka nyuma ya mama mwenye gamboti kubwa kuliko miguu yake, na mama huyo alikuwa anatembea kama mtu anayehesabu mawe.

Kutoka pale juu lami inaonekana. Nilimwona Tecla. Alikuwa amesimama kando ya barabara, mtoto mgongoni, begi chini. Alikuwa anatazama jua.

"Kikapu," nikasema, "tukienda hivi tutachelewa."

"Njia," mama mkwe akaijibu njia iliyo mbele yake, "mwambie miguu inauma. Nimeinama tangu alfajiri kwa kampuni yake."

Tukaenda. Akasimama kutoa jiwe ndani ya gamboti. Nikasimama. Akaivaa. Tukaenda. Akasimama kupumua.

"Njia, muulize. Akirudishiwa mke, atamfanyia nini?"

Nilifungua mdomo. Kanuni zote kumi na mbili zilikuja mbio, zikapanga foleni kwenye ulimi. Nikazimeza. Zilikuwa chungu.

"Kikapu, sijui," nikasema. "Mambo ya kujua nimeyamaliza. Najua tu kwamba nampenda, na nyumba haikaliki. Napika uji nakula peke yangu nikiwa nimesimama. Usiku nasikia mtoto analia, nainuka, hayupo. Nilimshtua mwanangu kwa firimbi. Firimbi nimeitupa chooni, lakini bado naisikia."

Sikuona aibu. Aibu nilikuwa nimeitumia yote kule juu.

Mama mkwe alitembea hatua kadhaa, na nadhani, ila siapi, alianza kuharakisha.

Hapo ndipo nikaona Datsun.

Ilikuwa imemaliza kuzunguka kilima, ikatokea kwenye lami, ikapunguza mwendo, ikasimama karibu na Tecla. Kimotho akatoa kichwa dirishani. Akaongea. Tecla akatikisa kichwa. Kimotho akaongea tena, mikono inapaa kama kwenye semina. Tecla akatazama jua mara ya mwisho, akatazama kilima, lakini sisi tulikuwa tumefunikwa na michai na hakutuona.

Akainama akachukua begi.

"Tecla!" nikaita. Upepo ulikuwa unapanda kilima, ukanirudishia jina lake.

Gari lilikuwa limeelekea Kericho. Sigor ni upande mwingine kabisa. Kwangu pia ni upande mwingine. Sikuelewa. Mlango ukafunguliwa, nikaona shuka la mtoto wangu likiingia ndani.

Mama mkwe naye aliona. Alisimama ghafla, nikakaribia kumgonga.

Kisha alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona wala kulisikia. Alitoka njiani. Alijisukuma katikati ya michai, matawi yakimkwaruza hadi kiunoni, akanigeuzia mgongo ili niwe na nafasi ya kupita.

"Mathew," akasema. Hakusema na njia, hakusema na mchai. "Kimbia umrudishe."

Nikatupa kikapu, nikampita mama mkwe wangu, nikakimbia. Nilianguka mara ngapi sijui. Nilipoikanyaga lami, Datsun ilikuwa ndiyo kwanza inang'oa magurudumu, na Tecla alikuwa upande wangu, dirisha limefunguliwa, Fancy mapajani mwake. Niliita. Aligeuka. Aliniona vizuri kabisa, matope, damu ya goti, machozi.

Akamgeukia Kimotho, akamwambia maneno mawili matatu, na gari likaongeza mwendo. Alimwambia nini, na Kericho alifuata nini, nitawaeleza wiki ijayo.